Taa za sodiamu na zebaki kuhamia LED: ubadili balbu, uondoe choki, au uvue taa nzima?

Taa ya sodiamu ikichoka haifi mara moja. Inawaka jioni, inapanda taratibu hadi njano yake kamili, inazima, inapoa, inawaka tena, na hivyo hivyo mpaka alfajiri. Mlinzi anayekesha chini yake ndiye wa kwanza kujua. Akishamwambia bosi wake, simu inanifikia mimi, na swali ni lile lile kila mara: "Fundi, kwa nini tusiweke LED tu?"

Tunaweza. Ila kuweka LED si jambo moja. Unaweza kununua balbu ya LED inayoingia kwenye holda ya zamani bila kugusa waya hata mmoja. Unaweza kuiondoa choki na kuipa balbu umeme wa moja kwa moja. Unaweza kuvua taa nzima na kufunga mpya. Na unaweza pia, kwa sababu za maana kabisa, kurudishia balbu ya aina ile ile. Njia zote nne nimezifanya, kwenye maghala, viwanja vya shule na nguzo za barabara za ndani hapa Tanga, na katika kila moja nimeona mtu akipoteza pesa kwa kuiweka mahali isipofaa.

Kilichomo ndani ya boksi la taa

Taa hizi za zamani hazina kile kiwaya kinachong'aa kama cha balbu za kizamani za nyumbani. Umeme unapita kwenye gesi ndani ya kijibomba kidogo, na gesi ikishaanza kupitisha umeme haijizuii, inazidi kuvuta mpaka kitu kipasuke. Choki ipo ili kuubana mkondo huo. Ni lile koili zito la waya wa shaba kwenye chuma, linalovuma usiku. Sodiamu na meta halaidi (ile nyeupe ya viwanjani) zina starta pia, kikopo kidogo kinachorusha mapigo ya volti elfu kadhaa kuiamsha gesi. Zebaki haihitaji starta, inaamka kwa volti 230 za kawaida. Likumbuke hilo, nitalirudia. Cha tatu ni kapasita, ya kurekebisha pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi, inayoharibiwa na choki.

LED yenyewe haihitaji hata kimoja kati ya hivi vitatu. Kwa hiyo ugomvi wote ni kuhusu vifaa hivi vibaki, vitoke, au taa nzima iende navyo.

Ninachokiangalia kabla ya kutaja bei

Cha kwanza ni boksi lenyewe. Hapa pwani chumvi inakula skrubu, mpira wa kuzuia maji unakauka, kioo kinakuwa cha rangi ya chai. Holda ya kauri iliyopikwa na joto miaka kumi inaweza kuwa na ufa usiouona mpaka uifungue, na ile ncha ya katikati inakuwa imelegea. Balbu mpya kwenye holda mbovu ni cheche tu zinazosubiri siku yake.

Cha pili ni joto. Balbu ya gesi haisumbuliwi sana na joto, ndiyo maana boksi lake liliweza kufungwa kabisa. LED inaogopa joto. Ndani ya draiva yake, kifaa kinachoiandalia umeme, kuna kapasita ndogo zenye majimaji, na kanuni wanayoitumia mafundi wa elektroniki ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, umri wa kapasita hizo unapungua kwa nusu. Zile saa 50,000 zilizoandikwa kwenye boksi la duka ni za balbu inayopumua.

Cha tatu ni mahali mwanga unapoangukia. Riflekta ya taa ya zamani ilichorwa kwa ajili ya kijibomba kidogo kilichokaa katikati. Ukiweka hapo gunzi la LED, ile balbu yenye umbo la gunzi la mahindi inayotoa mwanga pande zote, sehemu kubwa inagonga bati na kurudi kwenye balbu yenyewe, na kule chini zinabaki madoa ya mwanga na giza.

Cha nne ni umeme, na hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo wauzaji wanapopotosha. Sodiamu ya wati 250, ukijumlisha na choki, inavuta karibu wati 275. Kwetu usiku ni saa 12 mwaka mzima, hivyo inakula yuniti 3.3 kwa usiku, karibu yuniti 1,200 kwa mwaka. LED ya wati 100 inakula yuniti 438. Ukichukua Sh 350 kwa yuniti, tofauti ni zaidi ya Sh 260,000 kwa mwaka kwa taa moja. Hesabu tamu. Lakini je, wati 100 za LED zinatoa mwanga ule ule? Mwanga unaotoka kwenye balbu unapimwa kwa lumeni, na sodiamu ya 250 inatoa karibu lumeni 27,000. Zebaki ya 250 inatoa karibu 13,000 tu. Balbu ya LED ya wati 100 inayotoa lumeni 130 kwa wati inafika 13,000. Kwa hiyo inaiziba zebaki sawasawa, ila kwa sodiamu ni nusu kwenye karatasi. Weupe wake unalisaidia jicho, na taa mpya inayoelekeza mwanga chini inaokoa ule uliokuwa unapotea ndani ya boksi, lakini usikubali maneno "sawa na wati 400" bila kuuliza: sawa na wati 400 za nini? Soma lumeni.

Cha mwisho ni gharama ya kupanda. Kama taa iko mita 10 juu na lazima ukodi gari la kikapu, balbu ya bei nafuu inayokurudisha juu mara tatu si ya bei nafuu tena.

Njia ya kwanza: kurudishia balbu ya aina ile ile

Kufunga: hakuna kazi. Dakika tano kwa anayejua, mradi choki na starta ni wazima.

Mwanga na joto: unapata kile ulichokuwa nacho. Sodiamu nzuri inakaa saa 24,000 au zaidi, yaani miaka mitano na ushee ya kuwaka kila usiku, na haijali boksi likifungwa. Ubaya ni rangi, maana chini ya sodiamu gari jekundu na la kahawia ni kitu kimoja, na kamera za ulinzi zinalalamika. Umeme ukikatika na kurudi, unakaa gizani dakika kadhaa ukiisubiri ipoe ndipo iwake. Meta halaidi inaweza kuchukua robo saa.

Gharama: balbu ni rahisi, umeme ni ule ule.

Zebaki ni habari nyingine. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha balbu hizi za zebaki za shinikizo kubwa. Zinazouzwa bado ni mabaki ya akiba. Tena zebaki ina tabia mbaya ya kutokufa. Inafifia mwaka hadi mwaka huku ikivuta umeme ule ule, na mwenye taa anadhani bado ana taa.

Inamfaa: mwenye sodiamu ambazo choki na starta zake ni mpya, au anayejua kuwa eneo litajengwa upya baada ya mwaka mmoja au miwili.

Njia ya pili: balbu ya LED inayokubali choki

Kufunga: unafungua ya zamani, unazungusha mpya. Philips wanazo katika jamii ya TrueForce, Ledvance katika HQL LED, na wengine wengi. Lakini usiishie kwenye jina. Ndani ya jina moja kuna zinazotaka choki, zisizoitaka, na zinazokubali hali zote mbili, na baadhi zinataka starta itolewe kwanza. Karatasi inayokuja na balbu ndiyo inayosema, na inataja pia aina za choki zilizojaribiwa. Kwenye taa ya zebaki mambo ni mepesi kwa kuwa hakuna starta ya kukusumbua.

Mwanga na joto: matatizo ya riflekta na boksi lililofungwa yako palepale.

Umeme: choki inaendelea kula wati chache. Kilichosahaulika ni kapasita. Ilipimwa kwa ajili ya mzigo mkubwa wa zamani, na sasa mzigo ni mdogo, kwa hiyo pawa fakta inaharibika kwa upande wa pili. Mwenye taa mbili hataona kitu kwenye LUKU. Mwenye kiwanda anayelipia pia kVA, yaani kilele cha mzigo anaovuta, kwenye daraja la bei la T2 au T3 la TANESCO, akiwa na taa sabini, aipime.

Gharama: balbu hizi ni ghali kuliko za umeme wa moja kwa moja. Na choki ikifa, taa imezima ingawa balbu ni nzima, hivyo una vitu viwili vinavyoweza kukupandisha juu badala ya kimoja.

Faida yake kubwa ni kwamba hujabadilisha kitu. Ukihama, unaondoka na balbu zako na kumrudishia mwenye nyumba za kwake. Inamfaa mpangaji, na ofisi ambayo hairuhusiwi kugusa nyaya.

Njia ya tatu: kuondoa choki na kuipa balbu umeme wa moja kwa moja

Hii ndiyo inayofanyika zaidi mitaani, na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kufunga: zima breka, pima kwa mita, na usiguse kitu mpaka umeimaliza chaji ya kapasita, kwani nyingine hubaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa. Kisha choki, starta na kapasita vyote vitoke. Vyote vitatu. Waya wa moto uende kwenye ncha ya katikati ya holda, nyutro kwenye ganda la nyuzi, ili anayezungusha balbu asishike moto. Waya wa ethi ubaki kwenye bati, na uukaze upya.

Nasema vyote vitatu kwa sababu ya jambo lililonipata. Katika yadi moja nilifunga balbu nane za gunzi kwenye taa za sodiamu. Choki zote nilizitoa. Kwenye taa mbili zilizokuwa na starta ya kufungwa kwa mfululizo, yaani iliyo kwenye njia ya umeme unaokwenda kwenye balbu, niliziacha starta nikidhani bila choki hazina kazi tena. Kabla ya usiku kwisha balbu mbili zilikuwa zimekufa. Nilipoifungua moja asubuhi, nikakuta kile kisahani cha buluu kinachozuia mshtuko wa umeme kimepasuka katikati na kuwa cheusi, na masizi yamepaka mpaka kwenye ganda la ndani. Starta ilikuwa bado inaona volti kamili kwenye holda, ikaamini kuna balbu ya sodiamu inayogoma kuwaka, ikaendelea kuirushia mapigo. Balbu mbili hizo nilizilipa mimi. Hasara ilikuwa yangu kihalali, na tangu siku hiyo natoka na starta mkononi kabla sijashuka ngazi.

Jambo la pili ni atakayekuja baada yako. Taa ikishaondolewa choki lazima iandikwe, kwa herufi zinazosomeka, ndani na nje: HAKUNA CHOKI, LED TU. Mtu akichomeka sodiamu hapo, kwa kawaida haitawaka, basi. Lakini zebaki, kama nilivyosema, inaamka kwa volti 230 bila msaada. Itaamka, haitakuwa na kitu cha kuibana, na kama breka haitawahi, kioo kitapasuka juu ya kichwa cha aliyeko kwenye ngazi.

Mwanga na joto: chagua umbo kwa kufuata boksi. Gunzi linafaa taa iliyosimama wima na yenye hewa, kama taa za ghala zenye umbo la kengele, zilizo wazi chini. Kwa taa ya barabarani iliyolala, tafuta balbu bapa inayotoa mwanga upande mmoja na yenye kitako kinachozunguka ili uielekeze chini. Angalia uzito pia. Balbu ya kioo ya sodiamu ni nyepesi, gunzi la wati 100 linaweza kupita kilo, na holda iliyolala haikutengenezwa kubeba kilo inayotikiswa na upepo na malori. Zile zenye feni siwafungii watu karibu na bahari wala kwenye ghala la mkonge. Feni inavuta vumbi na chumvi, inakwama, na balbu inajipika.

Gharama: ya chini kuliko zote za LED kwa siku ya kwanza. Ongeza ya fundi, na awe mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, yaani EWURA, au EPRA kwa walioko Kenya, kwa sababu ukishabadilisha nyaya za ndani, dhamana ya mtengenezaji wa taa imekwisha. Anayebadilisha ndiye anayewajibika.

Inamfaa: mwenye boksi zima, lenye nafasi na hewa, taa isiyo juu sana, na fundi anayemwamini.

Njia ya nne: taa mpya nzima

Kufunga: kazi ni kubwa kwa siku moja. Pima unene wa mkono wa nguzo kabla ya kununua. Nimeona taa kumi na mbili zikirudi dukani kwa sababu ya milimita chache.

Mwanga na joto: hapa LED iko nyumbani kwake. Lenzi zinapeleka mwanga unakotakiwa, na bati la nyuma linatoa joto nje. Ndiyo njia pekee ambayo wati 100 zinaweza kuikaribia sodiamu ya 250 kwa mwanga unaofika chini.

Gharama: ya juu mwanzoni, na bei zinapishana sana. Ninachotafuta ni draiva inayofunguka na kubadilishwa peke yake, kiwango cha kuzuia vumbi na maji cha IP65 au 66, na kinga ya mshtuko wa umeme iliyoandikwa, kilovolti 10 kwa taa ya nguzo. Kwa ndugu zetu wa Mwanza, Musoma na Bukoba kinga hiyo ni lazima, maana bonde la Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Zile fladi nyembamba (taa za kumulika eneo) ambazo draiva na LED ziko kwenye kipande kimoja hazitengenezeki. Zikifa unatupa.

Ipo pia njia ya katikati, sahani ya LED na draiva yake inayofungwa ndani ya boksi la zamani. Huku kwetu mara nyingi inaagizwa. Thamani yake iko kwenye taa za chuma za mapambo, kama za miji ya kale ya pwani, ambako sura ya nje lazima ibaki.

Inamfaa: mwenye nguzo ndefu, boksi lililooza, au barabara na maegesho ambayo watu wanapita.

Kwa hali yako

Ghala lenye kengele zilizo wazi, mita 5 au 6 juu, zebaki ndani: njia ya tatu, gunzi lisilo na feni. Utaona faida kwenye LUKU mwezi wa kwanza.

Ghala hilo hilo lakini sodiamu ya 400: piga hesabu ya lumeni kwanza. Mara nyingi utaishia kwenye taa mpya.

Nguzo ya mita 8 au zaidi: taa mpya, yenye kinga. Usipande kwa ajili ya balbu.

Jengo la kupanga: balbu inayokubali choki.

Kituo cha mafuta: taa za karibu na pampu na matangi zilizothibitishwa kwa maeneo ya mvuke wa petroli usizifungue kubadilisha kitu ndani. Zinabadilishwa zima kwa zima, zenye uthibitisho huo huo.

Uwanja wa mpira wenye meta halaidi za wati 1,000 au 2,000: balbu ya LED ya kuziba nafasi hiyo usiitafute. Ni taa mpya na mchoro mpya wa mwanga, au ubaki nazo.

Hoteli ya ufukweni, hasa kama ya Mafia au Watamu ambako kasa wanataga: weupe wa LED unawapoteza watoto wa kasa, wanatambaa kwenda kwenye taa badala ya baharini. Bakia na sodiamu, inayosumbua kidogo kuliko weupe, au nunua LED ya rangi ya kaharabu, na yoyote utakayoiweka uifunike upande wa bahari.

Mtega senene wa Kagera au Masaka: hii utaona ajabu fundi kuisema, lakini usibadilishe. Balbu kubwa ya zebaki inatoa miali ya urujuanimno inayowavuta wadudu kwenye mabati, na LED nyeupe ya kawaida karibu haina miali hiyo. Tunza choki yako.

Chukulia kuwa balbu zote unazozitoa, za sodiamu pia, zina zebaki ndani. Usizivunje wala kuzichoma na takataka. Zirudishe kwenye maboksi ya zile mpya, na umpe mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali.

Na kama una taa arobaini na bado unasita, nunua mbili. Moja ifunge kwenye boksi lenye joto kuliko yote, lile lililo chini ya bati linalopigwa na jua mchana kutwa, nyingine kwenye boksi la kawaida. Pima mwanga chini ya kila moja kwa programu ya simu usiku wa kwanza, uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kitako cha balbu, kisha upime tena baada ya miezi mitatu kwa simu ile ile, ukisimama mahali pale pale. Ile ya kwenye joto ikiwa imefifia kuliko mwenzake, boksi lako limeshakujibu.